Sedani ya Dizeli Dar es Salaam: Mwongozo Kamili wa Kuitunza Ili Masega Yasizibe

Gari linaingia gereji likitambaa. Taa ya injini inawaka, taa ya masega, yaani chujio la masizi kwenye ekzosi, iliwaka wiki tatu kabla yake, na hata ukikanyaga mafuta hadi sakafuni mshale hauvuki mizunguko 3,000. Ukimuuliza mwenye gari, jibu ni lilelile: "Nina miezi minane nalo tu, na wala silitembezi sana. Kazini na nyumbani, basi."

Ugonjwa wenyewe ndio huo: kazini na nyumbani. Sinza hadi Posta ni kilomita chache, lakini foleni ya asubuhi inakula saa nzima ukiwa gia ya kwanza na ya pili. Injini ya petroli inayavumilia maisha hayo. Dizeli ya kisasa haiyavumilii, na si kwamba ni mbovu. Imetengenezwa ichome masizi yake yenyewe ikishapata moto wa kutosha, na sisi moto huo hatuipi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye Mercedes-Benz E-Class, BMW 5 Series, Audi A6 au Mazda Atenza ya dizeli, au anayekaribia kulipia moja. Nimezifuata hatua hizi kwa gari langu kwa miaka sita baada ya kuanza vibaya kabisa. Zifuate kwa mpangilio, maana hatua ya nne haina faida kama umeiruka ya pili na ya tatu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kifaa kidogo cha bluetooth cha kusomea kompyuta ya gari, kile kinachochomekwa chini ya dashibodi upande wa dereva, pamoja na programu ya simu inayosoma taarifa za masega (DPF) za aina ya gari lako. Programu za jumla husoma makosa tu, na hizo hazitoshi.
- Oili yenye alama sahihi (hatua ya 3), na filta yake.
- Filta moja ya dizeli ya akiba, ikae ndani ya buti.
- Stika iliyoandikwa DIZELI kwa herufi kubwa.
- Kitambaa cheupe, tochi na daftari.
- Kama gari linatumia AdBlue (maji ya urea ya kusafisha moshi, hatua ya 7), dumu moja lililofungwa.
- Saa moja na nusu kila wiki. Hiki ndicho kifaa ambacho wengi hawana, na bila hicho vingine vyote ni mapambo.

## Hatua ya 1: Ijue injini yako kwa jina

"BMW ya dizeli" haitoshi. Fungua boneti, tafuta namba ya injini au tumia namba ya chasisi, ujue umebeba nini.

BMW 520d, na ile iliyouzwa Japani kwa jina la 523d, za kizazi cha F10 nyingi zina injini ya N47 yenye cc 1,995. Cheni yake ya taiming iko nyuma, upande wa gia boksi, na zile zilizotengenezwa kati ya 2007 na 2011 zinajulikana kwa cheni kuchoka mapema. Iwashe asubuhi ikiwa baridi, simama karibu na kioo cha mbele, sikiliza. Ukisikia mkwaruzo kama mnyororo unaoburutwa kwenye bati injini ikiwa kati ya mizunguko 1,500 na 2,000, usiendelee na jambo lingine. Kuifikia cheni hiyo ni kazi kubwa ya kushusha gia boksi au injini nzima, na ikikatika injini imekwisha.

Mercedes E220 CDI na E250 CDI za W212 zina OM651 ya cc 2,143. Za mwanzo zilitoka na nozeli za piezo zilizosumbua, baadaye zikabadilishwa kwa za solenoidi. Uliza imefungwa zipi. E350 BlueTEC, ambayo huja sana kutoka Japani, ina OM642, V6 ya cc 2,987. Udhaifu wake ni sili za kipoza oili kilichokaa katikati ya V. Oili huvuja taratibu na kuteremkia nyuma ya injini, na fundi asiyejua atakwambia ni sili ya nyuma ya krenki.

Kama bado hujanunua, kumbuka kwamba ushuru wa bidhaa hapa unafuata ukubwa wa injini: kati ya cc 1,000 na 2,000 ni asilimia 5, kuvuka 2,000 ni asilimia 10. Cc 1,995 na cc 2,143 zinaonekana kama ndugu, lakini bandarini si ndugu. Umri nao una tozo yake ya uchakavu, kwa hiyo ingiza gari lenyewe kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hela.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumtajia muuza spea wa Kariakoo namba ya injini bila kusema "ile nyeusi ya 2012".

## Hatua ya 2: Linda tangi, kwa sababu sheli ndiko majanga yanakoanzia

Mhudumu wa sheli akiona sedani, mkono wake unakwenda kwenye petroli wenyewe. Siku nzima anajaza sedani za petroli, na dizeli kwake ni ya Fuso, Hilux na daladala.

Mimi ilinipata Jumamosi moja jioni. Nilikuwa naongea na simu, kijana akauliza, "Bosi, ya elfu hamsini?" nikaitikia kwa kichwa. Harufu ndiyo iliyonishtua. Petroli ina harufu kali inayopanda puani, dizeli harufu yake ni nzito ya mafuta. Nikamwambia, "Mdogo wangu, simamisha kwanza." Pampu ilikuwa inasoma lita 9. Sikuwasha gari, wala ufunguo sikuugusa. Tulilisukuma pembeni watu wanne, fundi akaja kumwaga tangi lote, na gari likapona.

Sababu ya kutowasha ni hii: dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya presha, na presha ya mfumo huu ni kati ya baa 1,600 na 2,000. Petroli haina ulaini huo. Chuma kinasagana na chuma, unga wake unasafiri hadi kwenye nozeli, na hapo ni kubadilisha pampu, reli na nozeli zote. Kufungua swichi tu kunaweza kuamsha pampu iliyo ndani ya tangi, ikaanza kusukuma petroli kwenda mbele.

Kwa hiyo:

Bandika stika ya DIZELI ndani ya kifuniko cha tangi, mahali ambapo mhudumu hawezi kuingiza bomba bila kuiona. Shuka kwenye gari kila mara. Sema "dizeli" mara mbili, na msubiri mhudumu aitaje mwenyewe kabla hajanyanyua bomba. Risiti isome papo hapo.

Chagua sheli moja au mbili zenye wateja wengi, ambako mafuta hayakai chini kwa muda mrefu. Ukikuta lori linashusha mafuta, pita ujaze siku nyingine, kwa kuwa ushushaji unatibua maji na taka zilizotulia chini ya tangi la ardhini. Dizeli ya madumu ya barabarani usiiguse hata kwa shida. EWURA, mdhibiti wa mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mtu anayekuuzia chini sana ya hapo, mafuta yake yana hadithi.

Tangu 2015 kiwango cha salfa kwenye dizeli ya nchi za Afrika Mashariki ni chembe 50 kwa milioni. Kwa masega hiyo inavumilika, ingawa magari haya yalitengenezwa kwa dizeli ya Ulaya yenye chembe 10. Tofauti hiyo tutailipa kwenye oili, hatua inayofuata.

Usishuke chini ya robo tangi. Magari mengi hukataa kuchoma masizi mafuta yakiwa kidogo, na hakuna taa itakayokwambia kwamba yamekataa.

## Hatua ya 3: Oili ya alama, na kuisoma stiki

Gereji nyingi zina pipa la oili nzito ya malori, 15W-40. Ni oili nzuri, kwa lori. Ndani yake kuna viungo vya madini ambavyo vikiungua hubaki majivu. Masizi yanaungua, majivu hayaungui: yanabaki ndani ya masega na kula nafasi kidogo kidogo.

Oili unayoitaka ni ya majivu machache. Soma mgongo wa dumu, si jina la mbele. BMW: LL-04. Mercedes: 229.51 au 229.52. Audi: 507.00. Kama alama hiyo haipo, rudisha dumu hata kama muuzaji anaapa. N47 inachukua lita 5.2, OM651 lita 6.5, OM642 takriban lita 8, kwa hiyo nunua ya kutosha siku moja, duka moja.

Kitabu cha gari kitakwambia ubadilishe baada ya kilomita nyingi sana. Kitabu hicho kiliandikwa kwa barabara kuu za Ujerumani. Kwa Dar badilisha kila kilomita 7,000 au miezi sita, kipi kitangulie. Salfa kwenye mafuta huzaa asidi ndani ya oili, na foleni inaongeza saa za injini ambazo kilomita hazizihesabu.

Jambo la pili watu hawalijui, nalo ndilo huua injini kimya kimya: kwenye dizeli yenye masega, oili inaweza kupanda. Ili kuchoma masizi, kompyuta hurusha mafuta ya ziada mwishoni mwa mlipuko ili yakaungulie kwenye ekzosi. Sehemu ya mafuta hayo huteleza pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye oili, na ukizima gari katikati ya zoezi, kesho linaanza upya na mengine yanashuka. Ukifanya hivyo kila siku, oili inakuwa nyepesi kama chai, turbo na beringi zinakosa ulinzi, na siku moja injini inanoki.

Kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa limelala mahali tambarare, vuta stiki. Futa kwa kitambaa cheupe, rudisha, vuta tena. Angalia ilipofika, kisha nusa kitambaa. Oili nyeusi isikutishe, ya dizeli huwa nyeusi ndani ya siku chache. Ikiwa imepanda juu ya alama ya mwisho, au inanuka dizeli waziwazi na kuteleza kwenye vidole kama maji, imwage wiki hiyohiyo bila kujali kilomita. Mazda wenyewe walilijua hili: stiki ya Atenza ya dizeli ina alama ya X juu ya ile ya kujaa, na oili ikifika X hakuna mjadala. Kama gari lako halina stiki, tumia menyu ya kwenye dashibodi na uandike inachosoma.

## Hatua ya 4: Safari ya moto, mara moja kwa wiki

Hii ndiyo roho ya mwongozo. Kama kuna hatua moja usiyopaswa kuikosa wiki yoyote, ni hii.

Masega ya dizeli ni tofali la kauri lenye matundu maelfu. Moshi unapita kwenye kuta zake, masizi yananasa. Ekzosi ikipata moto wa kutosha kwa mwendo mrefu, sehemu ya masizi inaungua taratibu yenyewe. Yakijaa kufikia kiwango fulani, kompyuta inaamua kuyachoma kwa nguvu na kupandisha joto hadi karibu nyuzi 600. Zoezi hilo huchukua kama dakika 10 hadi 20 za mwendo usiokatika. Foleni ya Ubungo au Mwenge haina dakika 10 za mwendo usiokatika, kwa hiyo kompyuta inaanza, inakatizwa, inaanza tena kesho, inakatizwa tena, hadi siku inakata tamaa na kukuwashia taa.

Mimi hutoka Jumapili saa 12 asubuhi. Wanaokaa Ubungo, Kimara na Mbezi wachukue Barabara ya Morogoro. Ile sehemu ya njia nane hadi Kibaha inafaa sana, na ukiendelea Mlandizi unakuwa umemaliza kazi. Wa Tegeta na Bunju wana barabara ya Bagamoyo, ila matuta na vijiji vyake vinakata mwendo, kwa hiyo nenda hadi Bagamoyo yenyewe. Wa Mbagala wapite Kongowe kuelekea Mkuranga. Wa Gongo la Mboto wana bahati wasiyoijua: kilima cha Pugu kwenda Kisarawe. Kupanda mlima kunaipa injini mzigo, na mzigo ndio unaoleta moto.

Fanya hivi:

Kwanza, hakikisha mafuta yamezidi robo na kifaa kimeunganishwa na simu. Andika gramu za masizi na tofauti ya presha ya masega injini ikiwa imetulia.

Pili, endesha kwa utulivu dakika 15 hadi joto la maji livuke nyuzi 80. Usikanyage sana kabla ya hapo, turbo haijapata oili ya moto.

Tatu, weka gia kwenye S au ya mkono, ushushe hadi mshale ukae kati ya mizunguko 2,000 na 2,500, na uushikilie hapo dakika 25. Watu wengi wanakosea hapa. Wanadhani siri ni kasi, wanakwenda kukamatwa na tochi ya trafiki. Gia boksi hizi zinapenda kupanda hadi gia ya mwisho na kuiacha injini ikisinzia kwenye mizunguko 1,400, na hapo ekzosi inapoa hata ukiwa kilomita 80 kwa saa. Kilomita 80 kwa gia ya chini zinachoma vizuri, na vibao vya 50 unaviheshimu bila kupoteza chochote, unashusha gia nyingine tu.

Nne, ukiona zoezi limeanza, usisimame wala usizime. Dalili zake ni kwamba mafuta ya papo kwa papo yanapanda ghafla, sauti ya ekzosi inakuwa nzito, na ukisimama kwenye taa mshale unatulia karibu na 950 badala ya 750. Joto kwenye kifaa linavuka 550.

Tano, likiisha, tembea dakika tano kwa upole kabla ya kupaki, ili turbo ipoe.

Onyo: usipaki juu ya majani makavu wala karibu na takataka mara baada ya zoezi. Chini ya gari kuna chuma cha moto wa kuwasha nyasi.

Umefaulu ukiona gramu za masizi zimeshuka sana, na presha ya masega injini ikitulia imerudi kwenye milibari chache. Andika namba zote mbili. Baada ya Jumapili tano utajua gari lako "zima" linasoma ngapi, na hiyo namba yako ina thamani kuliko yoyote utakayopewa na mtu.

Na siku za katikati ya wiki? Jumanne moja usiku nilifika getini kwangu, mtoto ameshafungua geti, nikasikia feni ya mbele inaunguruma kama ya jenereta. Mshale uko 950. Nikamwambia, "Funga mwanangu, narudi sasa hivi." Nikageuza hadi Bunju na kurudi. Dakika 20 za dizeli ni hela ndogo. Kuzima pale ni dizeli kwenye oili na masizi yaliyoungua nusu.

## Hatua ya 5: Ondoa vinavyozuia moto

Umefanya safari tatu na gramu hazishuki? Usilaumu masega bado. Kompyuta haianzi kuchoma kama kuna kitu hakijakaa sawa, na mara nyingi kitu chenyewe ni cha bei ndogo.

Thamostati ndiyo ya kwanza. Hapa mjini kuna imani ya zamani kwamba nchi ya joto haihitaji thamostati, kwa hiyo fundi akiona gari lilichemsha anaitoa na kuitupa. Yangu ilitolewa hivyo na mtu aliyelishika gari kabla yangu. Nilikwenda Mlandizi na kurudi, kifaa kinasoma nyuzi 62 njia nzima. Injini nyingi hazianzi kuchoma masizi maji yakiwa chini ya nyuzi 75 hivi, maana kompyuta inaamini gari bado ni baridi. Nilifunga thamostati mpya, maji yakasimama kwenye 88, na zoezi likaanza lenyewe siku ya pili, njiani kwenda Mwenge. Miezi saba ya mateso ilikuwa imeshikiliwa na kipande kinachotosha kwenye kiganja.

Kama thamostati ilitolewa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha, tafuta kwanza kilichokuwa kinachemsha: rejeta, feni, pampu ya maji. Kisha uirudishe.

Hita plagi ni za pili. Dar hakuna baridi, gari litawaka hata kama zote zimekufa, kwa hiyo hakuna anayezikumbuka. Kwenye baadhi ya injini, BMW zikiwemo, kosa la hita plagi au kidhibiti chake linatosha kuzuia uchomaji. Zitoe kwa uangalifu injini ikiwa ya moto, zikikatikia ndani ni kazi nyingine.

Tatu, mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye kihisi cha presha ya masega. Inapasuka kwa joto, kihisi kinasoma uongo. Ipapase kwa vidole ikiwa imepoa.

Nne, EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyojaa masizi na mabomba ya hewa ya turbo yaliyochanika. Haya yanaongeza moshi unaoingia kwenye masega kuliko yanavyoweza kuuchoma. Ukisikia mluzi unapokanyaga mafuta na gari linakuwa zito, tafuta bomba lenye mafuta mafuta kwenye maungio.

## Hatua ya 6: Taa ya masega imeshawaka

Taa ya njano peke yake, gari bado lina nguvu: una nafasi. Fanya hatua ya 4 siku hiyohiyo, usingoje Jumapili.

Taa ya masega pamoja na ya injini, gari halina nguvu: usiende kulikimbiza barabarani. Masizi yakizidi mno yakashika moto kwa pamoja, kauri inapasuka au kuyeyuka. Mpate fundi mwenye mashine inayoweza kusoma gramu na kuamuru uchomaji gari likiwa limesimama. Muulize kabla ya kuanza: "Fundi, gramu ngapi, na kuna kosa gani lingine?" Akijibu kwa namba, mwachie kazi. Akijibu "tutaona," tafuta mwingine. Kazi ifanyike nje, kwenye zege tupu, mtu asiondoke, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Oili imwagwe siku hiyo baada ya kumaliza.

Zaidi ya hapo masega yanashushwa na kuoshwa. Yakaushwe kabisa kabla ya kurudi, na hesabu ya majivu irudishwe kwenye kompyuta, la sivyo gari litaendelea kuamini yamejaa.

Kuna ushauri utakaopewa na kila mtu: "Toa masega tu, gari litapaa." Mimi siukubali, na nasema hivi nikiwa nimeshawishika mara mbili. Mwaka 2012 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hapa kwetu anayekaa nyuma ya ekzosi yako kwenye foleni ni bodaboda aliyempakia mwanafunzi. Hana kioo cha kupandisha. Na hata ukiacha hilo, masega yakitolewa ni lazima kompyuta ichezewe, na ikichezewa vibaya gari linaendelea kurusha mafuta ya kuchoma kitu ambacho hakipo. Oili inapanda kama kawaida, ila sasa hakuna taa ya kukuonya.

## Hatua ya 7: AdBlue, kwa wenye BlueTEC na Euro 6

AdBlue ni urea asilimia 32.5 kwenye maji safi kabisa. Usichanganye urea ya shambani na maji ya bomba, chumvi itaua kichocheo kinachosafisha moshi. Nunua dumu lililofungwa lenye alama ya ISO 22241, liweke kivulini ndani ya nyumba, kwa kuwa joto la buti linaliharibu. Dashibodi ikianza kuhesabu kilomita zilizobaki, jaza siku hiyo. Hesabu ikifika sifuri, ukizima gari halitawaka tena.

AdBlue ikimwagwa kwenye tangi la dizeli kwa bahati mbaya, utaratibu ni uleule wa petroli: usiguse ufunguo.

## Hatua ya 8: Masika na vuli

Sedani hizi ziko chini, na mdomo wa hewa kwenye nyingi uko mbele, karibu na taa. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi, na dizeli inabana kuliko petroli, kwa hiyo konrodi inapinda kwa mpigo mmoja. Barabara ya Jangwani ikifungwa na maji, usimfuate wa Land Cruiser aliyetangulia. Geuza, au paki sehemu iliyoinuka usubiri hata saa tatu.

Maji yakikuzidi na gari likazima lenyewe, usijaribu kuliwasha hata mara moja. Fungua boksi la filta ya hewa uiguse filta kwa kidole. Kavu: subiri maji yapungue, lisukumwe nje, fundi aikague injini ndipo iwashwe. Imelowa: ita gari la kuvuta, lipandishwe mgongoni lote, magurudumu yasiburuzwe kwani gia boksi ya otomatiki itaungua njiani. Nozeli au hita plagi zitolewe kwanza, injini izungushwe kwa mkono maji yatoke, ndipo mjadala wa kuwasha uanze.